Maji ya Barabara Mpya Yataishia Wapi? Jinsi ya Kuuliza Kabla Lami Haijamwagwa

Siku wapimaji walipopigilia vigingi mbele ya nyumba yangu nilifurahi kama jirani yeyote, maana vumbi la barabara ile tulikuwa tumelila miaka mingi. Kigingi kilichokaa mkabala na lango langu kiliandikwa kwa rangi nyekundu: +0.60. Nikamuuliza kijana aliyeshika burashi maana yake nini. "Hapo barabara itapanda sentimita 60, mama," akajibu, akahamia kigingi kingine.

Nikageuka kuitazama nyumba. Nyumba yangu iko upande wa chini wa barabara, na miaka yote maji ya mvua kutoka mlimani yalikuwa yakiivuka barabara yakiwa yametandaa, kina chake hakifiki kifundo cha mguu, kisha yakipita kati ya nyumba zetu hadi kwenye kijito cha bondeni. Sasa mbele ya maji hayo panajengwa tuta. Maji hayatarudi mlimani, kwa hiyo yatatafuta tundu, na yatakapolipata yatatokea yote mahali pamoja.

Nilichofanya miezi iliyofuata nakieleza hapa ili mwenye nyumba mwingine asianze gizani kama mimi. Watu wa barabara watakuonyesha haraka maji yatakakopita. Wewe shikilia kuuliza yatakakoishia, na jibu ulipate kwa maandishi.

Pima kabla udongo haujaguswa

Hii ndiyo sehemu ninayoomba usiiahirishe hata kwa wiki moja. Greda likishapita, hali ya zamani imefutika, na hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba maji hayakuwa yakiingia kwako.

Huhitaji mashine. Tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule mafundi wanaoutumia kusawazisha msingi. Wangu ulikuwa wa mita 25. Ujaze maji polepole hadi mapovu yote yatoke, kwa sababu povu moja tu linaharibu kipimo. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kizingiti cha mlango, mwingine ashike ya pili katikati ya barabara. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja kwenye ncha zote mbili. Kila mmoja apime kwa utepe kutoka chini hadi usawa huo wa maji. Kwenye kizingiti changu tulipata sentimita 112, kwenye barabara 147. Penye namba kubwa ndipo chini zaidi, kwa hiyo barabara ya zamani ilikuwa chini ya kizingiti changu kwa sentimita 35. Toa 35 kwenye 60 za kile kigingi: barabara mpya ingesimama sentimita 25 juu ya sakafu ya nyumba yangu.

Namba hiyo, 25, ilinifungulia milango ambayo malalamiko yasingeifungua. Niliposema "naogopa mafuriko" nilipewa pole. Niliposema "lami yenu itakuwa sentimita 25 juu ya kizingiti changu, na vipimo ni hivi", mhandisi alitoa daftari.

Rudia vipimo kwenye tundu la choo, mdomo wa kisima kama unacho, pembe nne za msingi, na sehemu ya chini kabisa ya ua. Chora mchoro wa mkono, andika namba, weka tarehe.

Kisha piga picha. Nilichukua fimbo ya mita mbili nikaipaka rangi alama kila sentimita 10, nikaisimamisha katika kila picha ili anayeitazama ajue ukubwa wa kitu. Anza na picha ya mbali inayoonyesha nyumba na barabara pamoja, halafu ndiyo usogee karibu. Piga pia nyufa zilizopo tayari ukutani. Wengine huona wakipiga nyufa za zamani watajiharibia madai, lakini mimi naona ni kinyume chake: ukionyesha mwenyewe nyufa za zamani, ufa mpya utaaminika. Mvua ikinyesha kabla ya ujenzi, chukua video ya maji yanavyotembea, ukianzia juu kuelekea chini bila kukata.

Hesabu maji, hata kwa makadirio

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Hilo peke yake linatosha kuanzia.

Barabara yetu ilichorwa na lami ya mita 7 na mabega, yaani kingo za pembeni mwa lami, ya mita 1.5 kila upande, jumla mita 10. Kipande kinachoteremka kuelekea kwangu kutoka pande zote mbili kina urefu wa mita 300. Hizo ni mita za mraba 3,000. Ikinyesha milimita 50 kwa saa moja, zinaanguka lita 150,000. Lami hainywi maji, na karibu asilimia 90 hutiririka: lita 135,000. Gawa kwa sekunde 3,600, unapata lita 37.5 kila sekunde, yaani karibu ndoo mbili za lita 20 kila unapopepesa jicho. Hayo ni ya barabara peke yake.

Ya mlimani yana kanuni ambayo wahandisi wanaitumia tangu karne ya 19 na bado inafaa kwa maeneo madogo. Zidisha sehemu ya mvua inayotiririka, kasi ya mvua kwa milimita kwa saa, na eneo kwa hekta, kisha gawa kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Juu yetu kuna kama hekta 4 zinazomwaga maji upande wetu, nyingi zikiwa na nyasi na mashamba, nikachukua sehemu ya 0.3. Basi 0.3 × 50 × 4 ÷ 360 ni kama 0.167, yaani lita 167 kwa sekunde. Pamoja na za barabara zinazidi kidogo lita 200.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. Eneo dogo hujaa haraka, kwa hiyo mvua inayoliumiza ni ile kali ya dakika 10 au 15, ambayo kasi yake inaweza kuwa mara mbili au zaidi ya wastani wa saa nzima. Uliza wametumia mvua ya dakika ngapi. Pili, ukiambiwa mtaro umesanifiwa kwa "mvua ya miaka 10", usidhani ni mvua inayokuja mara moja kila muongo kisha inapumzika. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 10 wa kupata mvua hiyo au kubwa zaidi. Katika miaka 10 mfululizo, uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 65. Nilipolielewa hili niliacha kutulizwa na neno "miaka".

Michoro: tafuta mshale unapokoma

Omba kuona michoro ya mifereji. Kwetu ilikuwa kwenye ofisi ya mradi, na niliruhusiwa kuipiga picha baada ya kuomba mara ya pili. Usiogope wingi wa mistari. Unahitaji karatasi tatu tu.

Ya kwanza ni mchoro wa barabara ukitazamwa kutoka juu. Utaona namba kama 1+240. Hiyo ni kilomita 1 na mita 240 tangu mwanzo wa mradi. Tafuta namba iliyo mkabala na nyumba yako uishike kichwani, kwa sababu kila mkutano utaongea kwa namba hizo na wala si kwa majina ya wenye nyumba.

Ya pili ni mchoro unaoonyesha kupanda na kushuka kwa barabara kwa urefu wake. Fuata mstari kwa kidole hadi pale unaposhuka pande zote mbili na kufanya tumbo. Hapo ndipo maji ya barabara yatakutana. Tumbo la kwetu lilikuwa kwenye 1+240, na lango langu liko mkabala na 1+245.

Ya tatu inaonyesha makalavati, yaani njia za maji zinazopita chini ya barabara, na mitaro, na mishale ya mwelekeo wa maji. Hapo weka kidole kwenye mshale uufuate hadi unapokoma. Wa kwangu ulitoka mtaro wa juu, ukaingia kalavati la bomba la milimita 600, ukatokea upande wa chini, ukakoma kwenye mpaka wa hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara. Baada ya mpaka ule hapakuwa na mstari wowote. Hakuna mtaro, hakuna kijito, karatasi nyeupe tu. Karatasi hiyo nyeupe ilikuwa kichochoro kati yangu na jirani yangu.

Naomba uelewe kosa nililokaribia kulifanya. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika kwamba bomba ni dogo. Nikahesabu: bomba safi la milimita 600, likiwa na mteremko wa asilimia moja, linaweza kupitisha kama lita 600 kwa sekunde. Lilitosha vizuri. Ningedai kubwa zaidi ningeongeza tu uwezo wa kuniletea maji. Tatizo lilikuwa kwamba maji yaliyokuwa yakivuka yametandaa kwenye upana wa karibu mita 100 yangetoka sasa kwenye tundu la sentimita 60, kwa kasi, juu ya udongo mtupu, hatua chache kutoka kwenye msingi wangu. Kwa hiyo usihukumu kalavati kwa ukubwa wake kabla hujajua kinachofuata baada ya mdomo wake.

Barua ya ukurasa mmoja

Nenda na majirani, lakini kaeni kwanza nyinyi wenyewe. Sisi hatukuwa na shida moja. Mama wa upande wa juu alilifurahia kalavati kwa sababu lingemwondolea maji. Jirani yangu wa chini alitaka kujenga ukuta azuie kichochoro, na ukuta ule ungeyageuzia maji yote kwangu. Tulibishana jioni mbili. Tulipatana pale tulipoacha kuzungumzia nani apitishe maji na kuzungumzia kijito, ambacho wote tulitaka maji yakifikie. Kijito kilikuwa mita 85 kutoka mdomo wa kalavati.

Barua yetu ilikuwa na madai machache yanayoweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Sehemu yake muhimu ilisema hivi:

"Mchoro unaonyesha kalavati la 1+240 likimwaga maji kwenye mpaka wa hifadhi ya barabara, bila njia inayoendelea hadi kwenye kijito. Kwa vipimo vyetu, barabara mpya itakuwa sentimita 25 juu ya kizingiti cha nyumba ya karibu. Tunaomba mtueleze kwa maandishi: maji haya yataishia wapi? Nani atajenga njia hiyo, na nani ataisafisha? Tunaomba pia mfike eneo hili pamoja nasi kabla kalavati halijawekwa."

Ambatisha mchoro wa mkono, picha nne au tano na hesabu zako. Peleka nakala kwa mwenye mradi, kwa mhandisi msimamizi, na kwa uongozi wa eneo lako. Hakikisha aliyepokea anatia sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Mkiongea kwa simu, andika ujumbe mfupi jioni ileile: "Leo tumekubaliana hivi na hivi." Mkandarasi wa kwetu alibadilisha msimamizi wa eneo katikati ya kazi, na yule mpya hakujua lolote tulilokuwa tumeahidiwa kwa mdomo. Karatasi ndiyo iliyomweleza.

Sheria za nchi nyingi zina msingi unaofanana: ardhi ya chini hupokea maji yanayoteremka kwa asili, ila wa juu hana ruhusa ya kuyakusanya na kuyaelekeza kwa namna inayomzidishia wa chini madhara. Muulize mwanasheria au ofisa wa ardhi wa kwenu jinsi ilivyoandikwa huko. Msingi huo unakubana nawe pia, maana huwezi kuyasukuma maji kwa jirani ukidhani umejiokoa.

Siku wakija, uwe na pendekezo

Mhandisi alipofika nilimtembeza njia yote kwa miguu, kutoka mdomo wa kalavati hadi kijitoni, huku mwingine akibeba ile fimbo ya rangi. Hakuna mchoro uliosema kwa uwazi kama matembezi yale.

Unaweza kuomba mtaro wa kukinga maji upande wa juu uyapeleke kwenye kijito bila kuyavusha kwako. Mtaro wa mawe au zege kutoka kalavati hadi kwenye mkondo wa asili. Sakafu ya mawe makubwa kwenye mdomo wa bomba ili kuvunja kasi ya maji. Au bwawa dogo la kuyashikilia maji kwa muda na kuyaachia polepole, kama nafasi ipo. Sisi tulipewa mtaro wa mawe. Ulihitaji kipande chembamba cha ardhi yangu na cha jirani, tukakubali kwa maandishi, kwa sharti kwamba upana wake na wajibu wa kuusafisha vitajwe.

Angalia sana shimo la kupenyeza maji ardhini linapotolewa kama suluhisho la haraka. Kwenye udongo wa kichanga na mbali na msingi linaweza kusaidia. Kwenye mfinyanzi litajaa mvua ya kwanza na kukaa limejaa. Chimba tundu la kina cha sentimita 50, lijaze maji, yaache yanywewe, ujaze tena, upime yameshuka kiasi gani baada ya saa moja. Langu lilishuka sentimita moja tu. Nilipomwonyesha mhandisi, shimo halikutajwa tena.

Uliza pia kuhusu vivuko vya kuingilia majumbani. Mtaro mzuri wa barabara huuawa na kivuko kimoja kilichofukiwa kwa kifusi, au chenye bomba jembamba. Ukipunguza kipenyo cha bomba kwa nusu haupunguzi maji kwa nusu: kwa mteremko uleule litapitisha kama sehemu moja ya sita tu.

Miezi ya hatari ni ya ujenzi

Nilidhani hatari ingeanza barabara ikikamilika. Ilianza pale tuta lilipokuwa limeshapanda na mitaro haijachimbwa. Mvua ya usiku mmoja ilileta tope hadi kwenye baraza, kwa sababu rundo la udongo lilikuwa limeachwa mbele ya kalavati. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita kila jioni yenye wingu, na nikikuta rundo mahali pabaya nampigia msimamizi kabla giza halijaingia. Omba mtaro wa muda. Omba mifuko ya mchanga iwe tayari eneo la kazi. Kagua mdomo wa kalavati mvua ikiwa haijaanza; ikishanyesha kaa mbali nao, maana maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Weka chombo cha kupimia mvua, chochote chenye kuta zilizonyooka na mdomo sawa na kitako, mbali na paa na miti. Kila asubuhi saa ileile pima kina kwa rula, uandike, umwage. Siku ya lile tope daftari langu lilionyesha milimita 31. Ilikuwa mvua ya kawaida, na hilo lilimaliza ubishi kwamba ilikuwa mvua ya ajabu isiyotarajiwa.

Ndani ya ua wako

Haya usiyasubirie mradi. Udongo unaoizunguka nyumba uteremke kutoka ukutani, angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Maji ya paa yatolewe mbali na msingi. Mfuniko wa choo uinuliwe juu ya usawa ambao maji yamewahi kufika. Ukijenga ukuta wa uzio, acha matundu chini. Ukuta usio na matundu hugeuka bwawa, na bwawa la matofali huanguka kwa mkupuo. Kama maji yameingia kisimani, usiyanywe mpaka kisima kisafishwe na maji yatibiwe.

Mvua ya kwanza baada ya lami

Mikataba mingi ya barabara ina kipindi ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, mara nyingi mwaka mmoja tangu kukabidhi. Uliza tarehe ya mwisho, uiandike mahali utakapoiona. Ndani ya kipindi hicho, kila mvua kubwa ni mtihani wa kazi yao. Toka, ukiwa mahali salama, na upige picha.

Kwetu mtaro wa mawe ulibeba maji vizuri hadi kwenye kona ya mita ya 60, pale unapopinda kuelekea kijitoni. Hapo maji yalipanda ukingo wa nje na kumwagikia shamba la jirani. Nilipiga picha tatu na fimbo ikionekana, nikaandika barua ya nne, nikaitaja tarehe na milimita za siku ile: 58. Wiki tano baadaye mafundi walirudi wakainua ukingo wa kona kwa sentimita 30.

Sasa nafanya kazi moja tu. Kabla ya kila msimu wa mvua mimi na jirani tunaichovya ile fimbo ndani ya mdomo wa kalavati na kupima mchanga uliotuama, kwa sababu bomba lililojaa mchanga hadi nusu hupitisha kama theluthi tu ya uwezo wake. Mwaka jana tulikuta sentimita 8. Mwaka huu ni 14, na barua ya kuomba lisafishwe nimeshaipeleka, nakala yangu ikiwa na sahihi na tarehe.